Chuo kikitaka kung'oa nyasi za uwanja: kabla ya zulia, tuulizane kuhusu maji

Ukipita kwenye viwanja vya vyuo vya mkoa wetu wa Singida mwezi Septemba au Oktoba, utakuta sura moja. Mbele ya magoli hakuna nyasi hata moja. Katikati pamebaki udongo mwekundu uliokanyagwa hadi ukawa mgumu kama sakafu. Nyasi kidogo zilizosalia ziko pembeni, kule anakopita mshika kibendera peke yake. Na upepo wetu mnaujua. Ukivuma saa 10 jioni, kipa anakinga macho kwanza, mpira baadaye. Tumewahi kutangaza mechi ya vyuo moja kwa moja kutoka uwanja wa namna hiyo, na kwa karibu dakika nzima hatukuweza kuwaambia wasikilizaji mpira uko wapi, kwa sababu hata sisi hatukuuona.

Ndiyo maana kila tukizungumzia michezo ya vyuo, iwe SHIMIVUTA au UMISAVUTA ya vyuo vya ualimu, swali linaloingia kwenye simu zetu ni lilelile: kwa nini chuo chetu kisiondoe huo udongo na kuweka nyasi bandia, kama Amaan, kama Kaitaba? Ni swali la haki, na halijibiki kwa dakika tatu za hewani. Hapa tunalieleza kwa nafasi yake: nini hasa kinabadilishwa uwanja unapobadilishwa, gharama zinajificha wapi, na kwa mkoa mkavu kama wetu uamuzi uanzie wapi.

Tuseme mapema tunakoelekea. Kwa vyuo vingi vya Singida, tunaona mjadala wa zulia umetangulia mjadala wa maji, na ulitakiwa kuwa nyuma yake.

Fainali iliyohama kwa sababu ya nyasi

Wapenzi wa mpira hawajasahau Mei 2025. Simba ilikuwa imefika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya RS Berkane ya Morocco. Mchezo wa kwanza Simba ilifungwa 2-0 ugenini, na marudiano yalitarajiwa kuchezwa Dar es Salaam, kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa, wenye nafasi ya watu 60,000. CAF ikasema hapana. Eneo la kuchezea lilikuwa limeharibika kutokana na mvua kubwa, na mchezo ukahamishiwa Uwanja wa New Amaan Complex, Zanzibar. Tarehe 25 Mei timu hizo zikatoka sare ya 1-1, kombe likaenda Berkane kwa jumla ya mabao 3-1.

Hatusemi Simba ingeshinda kwa Mkapa. Ila hakuna tukio la karibuni lililoonyesha wazi zaidi kwamba nyasi ni miundombinu, kama barabara au bomba la maji. Uwanja wa Mkapa una nyasi za asili. Amaan, uliofunguliwa upya mwishoni mwa Desemba 2023 baada ya ukarabati mkubwa, una nyasi bandia. Wengi walihitimisha hapohapo: bandia imeshinda.

Hitimisho hilo lina haraka. Kilichoharibu mambo kwa Mkapa ni maji mengi kwa muda mfupi, juu ya uwanja unaotumika na klabu kubwa mbili na timu ya taifa. Ugonjwa wa Singida ni kinyume chake. Sisi mvua zetu huanza karibu na Desemba na kukoma Aprili, na kwa mwaka mzima tunapata takribani milimita 500 hadi 800. Kuanzia Mei hadi Novemba ni kiangazi. Dawa ya Dar es Salaam haiwezi kuhamia hapa bila kupimwa.

Hesabu ya ndoo

Tuanze na nyasi za asili, kwa kuwa ndizo tulizonazo, au tuseme ndizo tulizokuwa nazo.

Uwanja wa kawaida wa mpira wa miguu una urefu wa mita 105 na upana wa mita 68. Ukiongeza mita 3 kila upande, unapata eneo la mita za mraba zaidi ya 8,200. Sasa, milimita 1 ya maji juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Katika kiangazi cha Kanda ya Kati, jua na upepo vinaweza kunyonya karibu milimita 5 za maji kwa siku kutoka kwenye nyasi na udongo. Zidisha: ni lita 41,000 kwa siku. Kwa ndoo ya lita 20, hizo ni zaidi ya ndoo 2,000. Kwa boza la lita 10,000, ni safari nne, kila siku ya Mungu.

Ukizidisha kwa siku 200 za kiangazi, unapata lita milioni 8.2, yaani uniti 8,200 kwenye dira ya SUWASA. Mhasibu wa chuo akiona namba hiyo atauliza kama mnamwagilia uwanja au mnalima mpunga.

Lakini hesabu hiyo ni ya uwanja unaotakiwa kuwa kijani kibichi siku zote. Nyasi zinazofaa viwanja vya joto, aina ya bermuda, ni ndugu wa karibu wa ukoka wetu. Ndiyo, ukoka, ule ambao mkulima wa alizeti akiuona shambani anakunja uso, kwa sababu ukiung'oa leo keshokutwa umerudi. Tabia hiyo inayomuudhi mkulima ndiyo inayotakiwa uwanjani. Ukoka hutambaa, huziba mapengo wenyewe, huenda chini kutafuta maji, na ukikosa maji hulala, haufi. Ukipewa nusu ya kiasi tulichotaja, tena kwa kumwagilia kwa wingi mara mbili au tatu kwa wiki badala ya kunyunyizia kidogo kila jioni, unaweza kuvuka kiangazi ukiwa umefifia rangi lakini hai. Kunyunyizia kidogo kidogo ndilo kosa tunaloliona sana. Maji yanaishia juu, mizizi nayo inabaki juu kuyafuata, na jua la Oktoba linaimaliza.

Maji hayo yatoke wapi? Wengine hutazama maziwa yetu ya Singidani na Kindai, lakini yale ni maji ya chumvi, tuyaachie ndege na watalii. Kisima kirefu ndilo jibu la kawaida, kwa masharti mawili. La kwanza ni uwezo wa kisima. Kinachotoa lita 3,000 kwa saa kitahitaji karibu saa 14 za kusukuma ili kufikisha zile lita 41,000, na hapo mabweni hayajapata tone. La pili ni kupima chumvi ya maji kabla ya kupanda chochote, kwa sababu sehemu mbalimbali za mkoa huu zina maji ya ardhini yenye chumvi. Ikiwa chumvi ni nyingi, ipo aina nyingine ya nyasi iitwayo paspalum inayoivumilia vizuri zaidi. Ndiyo iliyotumika kwenye viwanja vya Kombe la Dunia la Qatar mwaka 2022.

Kuna pia chanzo ambacho vyuo vinakimwaga bure. Chuo chenye wanafunzi 500 wa bweni, kila mmoja akioga kwa lita 30 kwa siku, kinatoa lita 15,000 za maji ya bafuni. Yakipitishwa kwenye chujio la kokoto na mchanga, yakatengwa kabisa na maji ya vyoo, ni zaidi ya theluthi ya mahitaji ya uwanja. Maji ya mvua ya mapaa nayo yanasaidia, ila tusijidanganye. Paa la ukumbi lenye mita za mraba 1,000, kwa mvua ya milimita 600, linatoa lita 600,000 kwa msimu mzima. Ni nyingi kusikia, lakini kwa uwanja mmoja ni umwagiliaji wa siku 15.

Zulia limetengenezwa na nini

Watu wengi wakisikia nyasi bandia hufikiria zulia linalotandikwa juu ya ardhi kama mkeka. Zulia lenyewe ni sehemu ndogo ya kazi. Chini yake kunatakiwa msingi ulioshindiliwa na kusawazishwa kwa kipimo, tabaka za kokoto za kupitisha maji, mifereji ya kuyatoa nje, na mara nyingi tabaka laini la kupunguza mshtuko wa magoti na vifundo vya miguu. Juu yake ndiyo linakuja zulia la nyuzi za plastiki. Katikati ya nyuzi humwagwa mchanga wa kulishika zulia lisipeperuke, na juu ya mchanga chembechembe za mpira, nyingi zikiwa zimesagwa kutoka matairi chakavu. Ukiona kwenye runinga mchezaji anateleza na kitu cheusi kinaruka kama pilipili manga, ndizo hizo.

Asili ya teknolojia hii inachekesha kidogo. Uwanja wa Astrodome wa Houston, Marekani, ulifunguliwa mwaka 1965 ukiwa na paa linalopitisha mwanga na nyasi za asili ndani. Wachezaji wa besiboli wakalalamika kwamba mwanga wa paa hilo unawapofusha, paa likapakwa rangi, nyasi zikakosa jua zikafa. Mwaka 1966 wakatandika za plastiki. Kwa maneno mengine, nyasi bandia zilizaliwa kama jibu la nyasi zisizopata jua. Singida kama kuna kitu hatujawahi kukosa ni jua.

Na jua ndilo tatizo kubwa la zulia kwa mahali kama petu. Nyasi hai hujipoza kwa kupumua maji. Plastiki haipumui, inapika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 2000 walipima uwanja wa mazoezi wa chuo chao baada ya kocha kuungua miguu kupitia viatu. Siku za joto kali walipata hadi nyuzijoto 93 juu ya zulia. Walipomwagilia maji, joto lilishuka kutoka 79 hadi 29. Dakika 5 baadaye lilikuwa limepanda hadi 49, na baada ya dakika 20 lilikuwa 73. Singida tuko juu, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na hewa yetu si ya joto la kule. Lakini jua la saa 6 mchana mwezi Oktoba halina huruma, na mashindano ya vyuo yanayobana mechi nyingi kwa siku chache hayaogopi kupanga mchezo saa 8 mchana. Chuo chenye zulia kitalazimika kucheza asubuhi na jioni, au kumwagilia kila kabla ya mchezo. Aliyekimbilia plastiki ili akwepe maji anajikuta tena na mpira wa maji mkononi.

Kuna na vumbi. Kwenye uwanja wa Ulaya adui wa zulia ni majani ya miti na ukungu. Hapa adui ni upepo unaoleta udongo mwekundu kutoka nje ya uzio na kuujaza katikati ya nyuzi, hadi zile chembechembe zinashikana, zulia linakuwa gumu na maji hayapiti. Zulia linahitaji kupigwa brashi kila wiki kwa kifaa kinachovutwa na trekta dogo, na kuongezewa chembechembe mara kwa mara. Msimu wa mvua unapoanza, chembechembe hizo husombwa. Kwa mji uliojengwa kando ya maziwa mawili, mfereji wa uwanja unaishia wapi ni swali la kuuliza kabla ya kuchimba. Umoja wa Ulaya umeshapitisha sheria mwaka 2023 ya kuzuia uuzaji wa chembechembe hizo za plastiki na mpira kwa ajili ya viwanja kuanzia Oktoba 2031. Wasiwasi wetu ni kwamba soko likifungwa kule, bei nzuri zitaanza kuletwa huku, na mtu asiyejua atafikiri amepata bahati.

Kwa hiyo nyasi bandia hazifai kabisa?

Hapana, na hapa tuwe waadilifu. Nyasi bandia zina sifa moja ambayo nyasi hai hazitaifikia kamwe: saa za kucheza.

Chukua chuo cha kawaida. Timu ya wanaume na ya wanawake zinafanya mazoezi, kila moja saa 5 kwa wiki. Vipindi vya michezo kwa vitendo, hasa kwenye vyuo vya ualimu kama Kinampanda kule Iramba ambako walimu wa kesho wanaandaliwa, vinaweza kuchukua saa 10. Mwishoni mwa wiki kuna ligi ya madarasa au ya mabweni, saa 6. Tayari ni saa 26, na hatujahesabu watoto wa mtaani wanaoingia jioni. Nyasi hai zinazotunzwa vizuri huvumilia kwa kawaida kati ya saa 6 na 15 kwa wiki, kutegemea aina yake, maji na udongo. Zikizidishiwa, zinakwisha hata kama mnamwagilia maziwa. Zulia zuri linabeba saa 40 bila kulalamika. Ndiyo sababu FIFA yenyewe imefadhili nyasi bandia katika nchi nyingi za Afrika, na ndiyo sababu Kaitaba ya Bukoba na Nyamagana ya Mwanza ziliwekewa zulia kwa ushirikiano wa FIFA, TFF na halmashauri husika. Mjini, uwanja mmoja ukibeba timu kumi, hesabu inakubali.

Kwa wachezaji wakubwa upepo unavuma upande mwingine. Queens Park Rangers ya London iliweka zulia mwaka 1981 na kuling'oa mwaka 1988. Wachezaji wanawake walifungua malalamiko nchini Canada mwaka 2014 kupinga kuchezeshwa Kombe la Dunia la 2015 juu ya nyasi bandia wakati wanaume hawafanyiwi hivyo. Ligi kuu za Uholanzi na Uskoti zimeamua kuachana nazo. Viwanja vya Marekani vyenye zulia vilitakiwa kuwekewa nyasi hai kwa ajili ya Kombe la Dunia la 2026. Kuhusu majeraha, tafiti hazisemi lugha moja, ingawa kwa miguu na vifundo matokeo mengi yanaelemea upande wa kulilaumu zulia. Michubuko ya mapaja haihitaji utafiti, muulize yeyote aliyeteleza juu yake.

Fedha: zulia hununuliwa mara mbili

Hapa ndipo tunapoomba bodi za vyuo zisome polepole.

Zulia la nyasi bandia linalotumika sana hudumu miaka 8 hadi 10, na kwa jua kali na matunzo hafifu linaweza kuwahi zaidi. Baada ya hapo linang'olewa lote na kuwekwa jingine. Msingi ukijengwa vizuri unabaki, lakini zulia na chembechembe ni ununuzi mpya. Tuchukue mfano wa hesabu tu: tuseme zulia na kazi ya kulitandika ni shilingi milioni 400. Likidumu miaka 8, chuo kinatakiwa kutenga milioni 50 kila mwaka, au zaidi ya milioni 4 kila mwezi, kuanzia mwezi wa kwanza baada ya uzinduzi. Si baada ya miaka 7. Fedha hizo zisipotengwa, mwaka wa 9 wanafunzi watakuwa wanacheza juu ya plastiki iliyochanika inayokwaza njumu, na hilo ni baya kuliko udongo tulioanza nao. Udongo haukwazi mtu.

Chuo cha umma kitapita kwenye mfumo wa ununuzi wa NeST kama kinavyonunua viti na kompyuta. Kuna pia suala la kodi. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha msamaha wa Kodi ya Ongezeko la Thamani kwa nyasi bandia za viwanja vya mpira, ukianzia na viwanja vilivyomo kwenye majiji. Singida ni manispaa. VAT ya asilimia 18 juu ya shilingi milioni 400 ni milioni 72, kwa hiyo barua ya kwanza kabisa, kabla hata ya kumwita mkandarasi, iende TRA kuuliza kama uwanja wenu unaguswa na msamaha huo na kwa kibali cha nani.

Na kuna cheti. Wauzaji wengi wataleta karatasi yenye nembo ya FIFA. Isomeni. Zulia kupimwa maabara ni jambo moja, na uwanja wenu kupimwa baada ya kukamilika ni jambo jingine. Viwango ni viwili: FIFA Quality, kinachofaa uwanja wa matumizi mengi na hudumu miaka 3 kabla ya kupimwa tena, na FIFA Quality Pro cha mashindano makubwa, kinachopimwa kila mwaka. Chuo kinahitaji kile cha kwanza, na mkataba useme wazi kwamba malipo ya mwisho yatatoka uwanja ukishapimwa pale pale ulipo.

Kimoja kati ya vipimo hivyo mnaweza kukijaribu leo bila gharama. Achieni mpira uliojaa upepo vizuri kutoka urefu wa mita 2, bila kuusukuma, na mwenzenu apime unadunda hadi wapi. Kwa FIFA Quality unatakiwa kurudi kati ya sentimita 60 na 100. Jaribuni mbele ya goli la uwanja wenu mwezi Oktoba, mtaelewa kwa nini mabeki wetu wanasifika kwa vichwa.

Ufunguo wa geti

Jambo hili halimo kwenye michoro ya mkandarasi, na ndilo linalotusumbua zaidi.

Uwanja wa chuo kwa mkoa wetu haujawahi kuwa wa chuo peke yake. Ndipo mahafali yanapofanyika, mahema yakichomekewa mambo ardhini. Ndipo mkutano wa kijiji au wa kata unapohamia watu wakizidi. Ndipo mbuzi wanapokula asubuhi, tusifiche. Na ndipo watoto wa shule ya msingi ya jirani wanapojifunzia mpira, pekupeku, kwa sababu wao hawana uwanja wowote. Siku zulia likitandikwa, uzio unapanda, mambo ya mahema yanapigwa marufuku, magari hayaingii, na geti linapata kufuli. Chuo hakitakuwa kimefanya ubaya wowote. Kitakuwa kinalinda mali ya mamia ya mamilioni. Lakini mtoto wa miaka 11 aliyekuwa anaingia bure kila jioni atabaki nje akitazama kupitia nyavu, huku saa za jioni zikikodishwa kwa wenye uwezo ili kupata zile milioni 4 za kila mwezi.

Timu ya wanawake ya chuo nayo iangaliwe. Kwenye viwanja vyenye foleni, tumeona nani anasukumiwa saa 7 mchana. Juu ya udongo saa 7 ni adhabu. Juu ya plastiki saa 7, kwa vipimo vile vya joto tulivyotaja, ni hatari. Ratiba ya nani anacheza saa ngapi iandikwe na kukubaliwa na serikali ya wanafunzi kabla zulia halijaagizwa.

Kama ni ukoka, kazi yenyewe iko hivi

Kubadilisha nyasi za asili si kuchimbua na kumwaga mbegu. Kwanza udongo ule uliogandamana unapasuliwa kwa trekta hadi kina cha sentimita 20 au 30, kwa sababu chini ya miguu ya miaka 15 kuna tabaka ambalo mzizi hauwezi kulipenya. Kisha uwanja unasawazishwa kwa kamba na kipimo, katikati pakiwa juu kidogo kuliko pembeni ili mvua za Januari zisituame. Unaongezwa mchanga wa mtoni uliochekechwa na samadi iliyooza vizuri. Samadi tunayo, mkoa huu wa wafugaji hauwezi kulilia samadi. Mabomba ya umwagiliaji yanalazwa wakati huohuo, si baadaye, maana kila mtaro mtakaochimba baadaye ni kovu.

Vipandikizi vya nyasi vinapandwa mvua zikishakaa, kwa kawaida Desemba, ili miezi ya mwanzo, ambayo ndiyo ya kiu kubwa, imwagiliwe na mbingu. Uwanja unafungwa miezi mitatu hadi minne. Kufungwa kuwe kufungwa kweli, kwani bonanza moja la Februari linaua kazi yote. Baada ya hapo ni kukata kila wiki wakati wa mvua, kuhamisha magoli ya mazoezi ili mahali pamoja pasichoke, na kutafuta kipande cha pili cha ardhi, hata cha udongo, kwa ajili ya mazoezi ya kukimbia na mechi za mabweni. Kipande hicho cha pili ndicho kinachoupumzisha uwanja mkuu, na vyuo vyetu vingi, tofauti na vya Dar es Salaam, vina ardhi ya kukipata.

Kwa chuo chenye uwanja mmoja tu, kisima dhaifu, saa zaidi ya 30 za matumizi kwa wiki na mfuko wa kila mwezi uliosainiwa na bodi, sisi tungesema wekeni zulia, tena lililopimwa. Kwa wengine, tungetumia fedha ya mwaka wa kwanza kwenye kisima, matangi na trekta la kupasua udongo. Tunaandika haya tukijua Desemba haiko mbali, na kwamba kipimo cha chumvi ya maji kinatakiwa kiwe mezani kabla mvua ya kwanza haijadondoka.